Njia ya Kwanza ni ya Wenyeji

Machame, Jumamosi mchana

Mzee wangu Elinami,

Bamba nililowaonyesha watu lilikuwa na kosa, na kosa ni langu.

Naanza na kosa kabla ya salamu kwa sababu ndivyo ulivyonizoesha. Mwanafunzi akiingia maabara na uso wa hatia, hukumpa hata nafasi ya kuamkia. Ulisema, "Tua mzigo kwanza, salamu haziozi." Basi nimetua. Sasa shikamoo, Mzee wangu, huko uliko chini ya migomba yako ya Masama, ambako hakuna mkuu wa idara wala muhuri.

Tangu tukuzike, masika yamepita na kahawa imekwisha kuchumwa. Nilidhani kufikia sasa hasira zangu zingekuwa zimepoa. Hazijapoa. Zimebadilisha tu anwani: zamani niliwakasirikia wao peke yao, leo najikasirikia na mimi, na sijui ni hasira ipi inayonichosha zaidi.

Nikueleze yaliyotokea kwa mpangilio, maana ulichukia taarifa inayorukaruka.

Hatujamaliza hata wiki ya msiba, kabati lako la maabara lilifunguliwa. Walisema linahitajika kwa mafaili. Vile vichupa vyako vidogo ulivyoviandika kwa penseli, vilivyokaa safu kwa safu kama watoto wa Kipaimara, vilionekana ni takataka kwa sababu havikuwa na lebo za kiwanda. Mama Aika, mke wako, alikuja kuchukua koti lako jeupe. Akapewa koti pamoja na boksi zima la "vikorokoro vya marehemu". Akalibeba hadi Masama bila kujua amebeba nini. Ile mashine kubwa, inayosukuma dawa ndani ya kolamu, ule mrija wake wa chuma, na kuchora vilele kwenye skrini, ilifunikwa kitenge. Kolamu imechoka, wakasema, na nyingine itaagizwa. Itaagizwa! Mzee wangu, kitenge kile sasa kimepauka upande wa dirishani.

Lakini dawa hazikusimama. Ile karakana ya mjini Moshi inayotengeneza dawa ya kikohozi ya maji kwa ajili ya zahanati za huku mlimani iliendelea kuleta kila toleo jipya kwetu chuoni, kama kawaida, ili lipimwe kabla ya kugawiwa. Enzi zako toleo moja lilikuchukua siku tatu. Siku hizi huletwa asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana limeshapewa cheti: rangi sawa, harufu sawa, uzito sawa, inakidhi. Nilikiona cheti cha kwanza nikadhani ni rasimu. Nilipoona cha tatu nilielewa kwamba ndiyo sera.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuiogopa diethilini glikoli. Uliniwekea tone lake juu ya kioo, na pembeni tone la gliserini, ukaniuliza lipi ni lipi. Yote mawili maangavu, yote mazito, yote yasiyo na harufu. Nikakisia, nikakosea, ukasema kwa upole uliotisha kuliko kelele, "Umeshaua." Sumu hiyo ikiingia kwenye sirapu mahali pa gliserini, mtoto huinywa kwa furaha kwa sababu ni tamu, na figo zake hufa kimya kimya. Je, pua ya binadamu ndiyo iliyokuwa imepewa kazi ya kuikamata? Je, jicho lingeitambua ndani ya sirapu nyekundu?

Nikaenda kwa Dokta, mkuu wa idara. Unanijua: sikuenda kuomba, nilienda kuhutubia. Nilikuwa na tamko la kurasa nne lenye sahihi za darasa zima. Alilisoma hadi mwisho, hilo nikiri, kisha akavua miwani. "Ndeshi," akasema, "maandamano hayapimi dawa." Nikamjibu kwamba hata mihuri haipimi. Wenzangu waliokuwa mlangoni walipiga makofi, nami nikatoka nimevimba kichwa. Leo ninapolikumbuka jibu lile naliona bado ni la kweli. Ila yeye naye alikuwa amesema kweli, na hilo sikulisikia kwa sababu ya makofi.

Ndipo nikaamua kupima mwenyewe.

Mashine imefunikwa, lakini bamba la silika, kile kioo kilichopakwa unga mweupe, halihitaji umeme wala kibali. Nilichukua chupa moja ya toleo lililokuwa limepitishwa wiki ile, na kile kichupa cha sumu chenye alama nyekundu, tunachokitumia kama kiwango cha kulinganishia. Nikachora mstari wa penseli chini ya bamba kama ulivyonionyesha siku ya kwanza. Unaikumbuka siku hiyo? Nilikuwa nimetoka mkutanoni, sauti imekauka, bado nina kitambaa chekundu mkononi. Ukaninyooshea kimrija chembamba cha kudondoshea, ukasema, "Jenerali, weka bunduki chini, shika kapilari." Kisha ukanielezea bamba kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mstari wa penseli ni Chekereni, kwenye majaruba ya mpunga. Ukingo wa juu ni Machame. Vyote vilivyomo ndani ya dawa huanza safari Chekereni pamoja, na kiyeyushi kinachopanda kwenye silika huvipandisha nacho. Kisicho na ndugu njiani hufika Machame mapema. Chenye ndugu kila nyumba husimama kusalimia, kikabaki chini. Kutenganisha, ulisema, ni kujua nani ana ndugu wengi njiani.

Nilicheka sana. Na kwa kuwa nilikuwa bado nacheka, maneno yaliyofuata niliyashika nusu. "Lakini watu wawili waliofika Machame kwa wakati mmoja si mtu mmoja. Kabla hujamkamata mgeni, waite wenyeji." Kwa hiyo kila bamba lako lilianza na wenyeji: sukari iliyomo, gliserini iliyomo, kihifadhi, rangi, ladha, vyote kwenye njia ya kwanza, kila kimoja kimetoka kwenye kichupa chake chenye maandishi ya penseli. Ndipo ilipofuata sumu. Ndipo, mwisho kabisa, sampuli. Mimi nilikuwa naona ni uzee. Niliona mtu anayesalimia kijiji kizima ndipo aulize habari aliyoijia.

Siku ile sikuwa na wenyeji. Walikuwa Masama, ndani ya boksi, na sikujua. Lakini nisijifiche nyuma ya boksi: sikuwauliza, sikuwatafuta, na kusema kweli sikuwakumbuka. Niliweka njia mbili tu, sumu na sampuli. Tena nilikuwa na haraka. Ulinifundisha kuacha ile chupa ya viyeyushi imefunikwa hadi ijae mvuke ndipo bamba liingie. Mimi niliweka bamba palepale, kwa sababu msafishaji alikuwa anakuja kufunga mlango. Lilipokauka nikalitumbukiza kwenye pamanganeti, ile dawa ya kuonyeshea madoa. Likawa zambarau lote, kisha taratibu madoa ya njano yakaanza kujitokeza. Njia ya sumu: doa. Njia ya sampuli: madoa kadhaa, na moja, limetanuka kidogo, limekaa sawasawa na doa la sumu.

Nililipeleka bamba dirishani nikalitazama tena, Mzee. Na nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu: chini ya woga kulikuwa na furaha. Nilikuwa nimewashika.

Ulikuwa unasema bamba hutia shaka, na mashine ndiyo hutoa ushahidi. Mtu mwenye shaka angefanya nini? Angerudia. Angepeleka chupa Dar es Salaam, kwenye maabara yenye mashine ya gesi ya kutenganisha dawa. Mimi nilipanda Machame, na Jumapili, ibada ilipokwisha na watu wakatoka nje kwenye mnada wa sadaka, nikaomba nafasi ya kusema. Mkungu wa ndizi ulikuwa bado umeinuliwa juu mikononi mwa mzee wa kanisa. Nikasimama kando ya trei za mayai, nikalinyanyua bamba langu kama Musa, nikawaambia mama zangu kwamba dawa ya kikohozi wanayopewa zahanati ina sumu, na chuo kinajua, na kimetia muhuri.

Nilihutubia vizuri. Ole wangu, nilihutubia vizuri sana. Bibi mmoja, jirani yetu, akaniuliza kama ni ile nyekundu tu au hata ile ya machungwa. Nami, ambaye nilipima chupa moja ya toleo moja kwa bamba moja, nikamjibu kwamba siwezi kumhakikishia chupa yoyote. Jioni ile chupa zilimwagwa kwenye mashina ya migomba, nyumba kwa nyumba. Watu walinishika mkono njiani. Baba yangu, ambaye hajawahi kunisifu hata nilipofaulu, alisema, "Leo umesema kama mtu mzima."

Wiki ya pili Nesi Anaeli wa zahanati alikuja nyumbani. Hakukaa. Alisema kina mama sasa hawapokei dawa yoyote ya maji, hata ya nimonia, hata ya homa. Wanasema binti msomi amekataza chupa. "Ulisema kikohozi," akaniambia, "wao wamesikia chupa." Nikamjibu kwa hotuba. Nilimwambia wakubwa wakivunja uaminifu, halaumiwi aliyewafichua. Alinisikiliza, akaangalia saa yake, akaondoka. Alikuwa na wagonjwa.

Siku chache baadaye Glory alipelekwa hospitali mjini. Unamjua mama yake, yule wa nyumba ya pili chini ya mfereji, aliyekuwa anauza maziwa chuoni na kukuwekea lita yako pembeni. Glory ana miaka miwili. Kifua kilimbana, akapewa dawa ya nimonia zahanati, mama yake akaipokea kwa adabu, akaificha, akampa mtoto asali na tangawizi. Siku nne, Mzee. Siku ya tano walimteremsha akiwa hawezi kunyonya, midomo imebadilika rangi, akawekewa oksijeni.

Amepona. Naliandika neno hilo haraka ili usihangaike. Amepona, na amerudi, na anakimbiza kuku.

Na Alhamisi iliyofuata mama yake akaja kwetu na kindoo cha maziwa mgando chenye mfuniko. Alikuja kunishukuru. Alisema kama si mimi angempa mtoto ile dawa juu ya ugonjwa ule, na sumu ingemmaliza. Akanishika mikono yote miwili. Nami nikapokea maziwa. Nikasema asante, mama. Nikayanywa.

Hilo ndilo linalonikaba, kuliko hotuba.

Siku ya pili yake nilikwenda Masama. Nilimwambia Mama Aika nimekuja kukusalimia kaburini, lakini macho yangu yalikuwa yanatafuta boksi. Lilikuwa chini ya kitanda. Ndani yake, ndani ya kopo la kahawa, walikuwemo wenyeji wote, wamefungwa kwa soksi yako moja wasigongane. Nilisoma maandishi yako ya penseli mmoja baada ya mwingine hadi nikafika kwenye kichupa kilichoandikwa: "Propilini glikoli. Imebeba ladha ya matunda. Anapanda karibu na mgeni, usiwachanganye." Hata herufi hukuzikaza. Kana kwamba unaniambia jambo dogo.

Nilirudia bamba. Njia ya kwanza, wenyeji. Chupa ya viyeyushi niliiacha ijae mvuke nusu saa nzima, nikiwa nimeketi mikono mapajani kama ulivyokuwa unaketi. Sumu ilisimama chini. Propilini glikoli, mwenyeji asiye na madhara, ilisimama juu yake, na doa la sampuli likasimama nayo, bega kwa bega. Kwenye kimo cha sumu, njia ya sampuli ilikuwa tupu. Hata hapo sikujiamini. Nesi Anaeli, ambaye alikuwa na kila sababu ya kunifungia mlango, alinisaidia kupeleka chupa ya toleo lilelile Dar. Majibu ya mashine ya gesi yamekuja juzi. Hakuna sumu. Toleo lile lilikuwa safi.

Safi! Unaona jinsi ninavyoteseka? Wakati wote ule Dokta alikuwa sahihi, na hakuwa anajua kwamba ni sahihi. Alitia muhuri akiwa amefumba macho, na bahati ikamjibu. Mimi nilifumbua jicho moja, na jicho hilo likanidanganya. Na katika jengo zima, tangu ulipoondoka, hakukuwa na mtu hata mmoja wa kuniambia, "Jenerali, wenyeji wako wako wapi?" Hakuna aliyeniambia nimekosea. Waliniambia ninyamaze tu. Kama mmoja wao angeweza kulisoma bamba lile na kunicheka, Glory asingelala na mpira wa oksijeni puani. Nakukasirikia hata wewe, nisamehe. Kwa nini ulikuwa peke yako? Kwa nini ulikubali, miaka yote ile, kwamba elimu ya kulinda watoto wa mlima mzima ikae ndani ya koti moja?

Jana Dokta aliniita. Hakuwa mkali, afadhali angekuwa mkali. Ameniandikia karatasi nikaisome kesho palepale kwenye mnada. Nikiisoma, shauri langu limekwisha. Nisipoisoma, nasimamishwa masomo mwaka mzima. Nimeisoma mara nyingi. Sentensi ya kwanza inasema nilikosea, na hiyo ningeisoma hata bila kuombwa. Sentensi ya pili inasema dawa zote zilipimwa kikamilifu kwa kufuata taratibu. Ina maneno machache tu, Mzee, na inakuzika mara ya pili. Kukiri kwangu ndiko kutakuwa kitenge cha kufunikia mashine milele. Nikisema nilikosea, watasikia kwamba kupima hakuhitajiki. Nesi Anaeli amenifundisha: nikisema kikohozi, watasikia chupa. Basi nitasema nini ili watu wasikie nilichosema?

Nimelala nayo, nimeamka nayo, na mchana huu nimeichana karatasi katikati. Sentensi ya kwanza nimeibakiza. Ya pili nimeiacha mezani.

Kesho nitasimama na mabamba yote mawili. Nitawaonyesha la kwanza na kuwaambia hapa nilikosea, na hivi ndivyo nilivyokosea, na dawa ya nimonia msiikatae kamwe. Nitawaonyesha la pili na kuwaambia hii ndiyo kazi aliyoifanya Mzee Elinami kwa kila toleo, na leo haifanywi na mtu. Toleo lile lilikuwa safi, lijalo hakuna anayejua, si mimi wala waliotia muhuri. Sitapaza sauti. Sina hakika kama nitaweza, lakini nitajaribu kusema kama mtu anayesoma taarifa. Wakinisimamisha mwaka, nitakuwa na mwaka mzima wa kuwafundisha wenzangu wawili au watatu kudondosha sampuli kwenye bamba, mezani kwetu, kwa vichupa vyako. Mama Aika ameniachia boksi. Soksi amebaki nayo.

Lakini kabla ya kanisa kuna nyumba ya pili chini ya mfereji. Kindoo cha Mama Glory bado kiko kwangu, na chombo cha mtu hakirudi kitupu. Mama yangu anasema nitie jani la isale, yaishe. Unajua lilivyo: ukimpelekea jani hilo uliyemkosea, hawezi kukukatalia, mila imeshamfunga mdomo. Nimelifikiria sana. Ni haki gani hiyo, ya kumnyang'anya mama hata hasira yake, baada ya kumnyang'anya dawa ya mtoto? Mimi, niliyehutubia miaka mitatu dhidi ya watu wanaopata saini kwa kufunga midomo ya wengine?

Hata hivyo alfajiri nilipita Masama, nikakata jani moja kwenye isale iliyo kichwani pa kaburi lako. Samahani sikubisha hodi. Nitaliweka ndani ya kindoo na kukifunika. Kwanza nitasema: mama, ile dawa uliyoificha ingemtibu Glory, na niliyekufanya uifiche ni mimi. Kisha nitanyamaza, kwa muda wote atakaoutaka yeye. Akinifukuza, nitaondoka na kindoo chake, jani likiwa ndani, hajaliona. Akinyoosha mkono kukipokea, atalikuta mwenyewe.

Lala salama, Mzee wangu. Nakuahidi jambo moja, na ni dogo kuliko ahadi zangu za zamani: sitaweka tena bamba lolote kwenye kiyeyushi kabla njia ya kwanza haijajaa.

Mwanafunzi wako,
Ndeshi